Nimehamia Kampala kutoka Tanga: ziwa naliona kwenye ramani, njia ya kufika ufukweni siioni

Binti wa Raskazone:

Habari za humu wakuu. Tumehamia Kampala kikazi kutoka Tanga, tunakaa Zana, barabara ya Entebbe. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 9, waliozoea bahari kila Jumapili. Gari bado hatuna.

Kwenye ramani ya simu ziwa liko pua na mdomo na hapa tulipo, lakini kila njia ninayoifuata kwa kidole inaishia kwenye geti la mtu au kwenye kijani kitupu. Naomba mnisaidie: mtu asiye na gari anafikaje ufukweni kwa usafiri wa kawaida, ashuke wapi, na ni upande gani wa ziwa ambao watoto wanaweza kuingia majini? Habari za kichocho nimezisikia, kwa hiyo nalo naomba mtu anayelijua alieleze vizuri. Natanguliza shukrani.

---

Kondakta Mstaafu:

Karibu Uganda dada. Kwanza sahau mambo ya Tanga au Coco Beach ya Dar, kwamba unashuka garini na kukanyaga mchanga bila kuulizwa na mtu. Ukingo wa ziwa upande huu ni wa namna tatu, na ramani huzichanganya zote.

Sehemu kubwa ni mafunjo. Hicho ndicho kijani kitupu unachokiona. Chini ni tope na maji, na hakuna njia ya miguu. Ya pili ni mwalo, mahali mitumbwi inapofikia: barabara ipo, mtu hakuzuii, ila ni mahali pa kazi. Kuna samaki, mafuta ya injini, utumbo wa samaki ardhini na watu wanaofua. Si pa kuogeshea watoto. Ya tatu ndiyo wenyeji wanaiita bichi: kiwanja kilichozungushiwa uzio, kina geti, ada ya kuingia, viti, muziki na jiko la samaki. Ukimwambia mwenye bodaboda akupeleke bichi, atakupeleka kwenye geti la namna hiyo, na hapo ndipo unapotakiwa kwenda. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka kwenye maji ya Ziwa Victoria, lakini ukanda huo kulindwa hakukupi njia ya kuufikia. Lazima upite kwenye kiwanja cha mtu, na mwenye kiwanja ana geti.

Washa picha za setilaiti badala ya ramani ya michoro. Kijani kizito kinachofanana mfululizo ukingoni ni mafunjo. Rangi ya kahawia yenye vijistari vyembamba virefu vimepangana ni mitumbwi, yaani mwalo. Ukiona mstari mwembamba mweupe au wa manjano, huo ni mchanga. Ila usiiamini picha moja kwa moja. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha usawa wa maji kilichoko Jinja, likavunja rekodi ya 1964 kwa sentimita moja, na mwaka 2024 likapanda tena. Bichi nyingi za Entebbe ziliingiliwa na maji: vibanda, vyoo, hata kuta. Nyingine zilirudi zikiwa nyembamba, nyingine zilijaza mawe na mifuko ya mchanga ukingoni. Kwa hiyo angalia tarehe ya picha zilizowekwa na wageni, si idadi ya nyota. Picha ya kabla ya 2020 haikuambii kitu kuhusu mchanga wa leo.

Sasa safari yenyewe. Nenda Entebbe, usihangaike na vichochoro vya karibu na kwako. Rasi ya Entebbe imeingia ziwani na upande wake mmoja unatazama maji ya wazi. Kutoka Kampala mjini ni kama kilomita 40, na wewe kwa kuwa uko Zana umeshapunguza kipande kibaya zaidi, kile cha Kibuye na Najjanankumbi.

Taksi ya hapa ndiyo daladala yako: gari jeupe la abiria 14 lenye ukanda wa vimraba vya buluu ubavuni. Gari la kukodi peke yako wanaliita spesho. Simama siteji ya Zana upande wa magari yanayotoka mjini. Muulize kondakta, "Entebbe, Kitooro?" Usiishie kwenye "Entebbe?" peke yake, maana gari linaloishia Kajjansi au Abayita Ababiri nalo hujibu ndiyo, kwa kuwa liko kwenye barabara ya Entebbe. Ukiteremshwa Abayita Ababiri unaanza kulipa upya. Kitooro ndicho kituo chenyewe cha Entebbe.

Nauli ulizia kabla hujakaa. Hupanda mvua ikinyesha, sikukuu, na jioni ya Jumapili. Mtoto wa miaka 6 ukimpakata huwa halipi, wa miaka 9 atalipa kiti. Lipa kwa noti ndogo. Ukitaka kushuka kabla ya mwisho, sema "maaso awo" mapema kidogo, dereva atasogea pembeni mbele.

Magari yanayopita barabara mpya ya kulipia hayakuhusu. Ile inaanzia Busega, ina tawi la Munyonyo, unaweza kuingilia Kajjansi, na inatokea Mpala karibu na Entebbe. Haipiti Zana. Siku mkipata gari ingieni Kajjansi: tangu Januari 2022 kuna ada, gari dogo shilingi 5,000 kwa njia nzima. Bodaboda haziruhusiwi humo, kwa hiyo usikubali anayesema atakupitisha.

Ukifika Kitooro, bichi nyingi ziko mwendo mfupi wa bodaboda. Lido iko jirani na kituo cha wanyama ambacho watu wote wanakiita zuu, kwa hiyo hata dereva mgeni hapotei: mwambie zuu, kisha Lido. Spennah iko upande huohuo. Aero Beach utaijua kwa ndege kuukuu zilizoegeshwa uwanjani, watoto huzipenda kuliko maji. Kitubulu iko kabla ya kuingia mjini, kwenye msitu wa hifadhi, unashuka njiani bila kufika Kitooro. Mkiwa watatu chukueni spesho kutoka Kitooro. Kupanga mtu mzima na watoto wawili nyuma ya bodaboda moja ni jambo utakaloliona kila siku, lakini usilifanye wewe.

---

Mkenya wa Bunga:

Mbona mnampeleka mbali hivyo? Ggaba iko hapa tu. Taksi za Ggaba zinatoka mjini kupitia Kabalagala, Kansanga na Bunga, hata kilomita 15 hazifiki. Unashuka mwisho wa lami, samaki wako mbele yako.

---

Maji Tuli:

Samaki sawa. Maji hapana.

Ggaba, Port Bell na Munyonyo zote ziko kwenye Ghuba ya Murchison. Ghuba hiyo ni mfuko wenye mdomo mwembamba, na maji ya mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji ya mvua na uchafu wa katikati ya Kampala, huishia humo. Zamani dimbwi la mafunjo la Nakivubo lilichuja sehemu kubwa ya uchafu kabla haujafika ziwani. Siku hizi sehemu ya mafunjo hayo imelimwa magimbi na kujengwa, kwa hiyo uchafu unapita haraka. Mtambo wa maji ya kunywa wa Ggaba unachota kwenye ghuba hiyohiyo, na kuyasafisha kumekuwa kukigharimu zaidi mwaka hadi mwaka. Ni sababu mojawapo ya kujenga mtambo mwingine Katosi, Mukono, kwenye maji ya wazi.

Kwa muogeleaji kuna mambo mawili. La kwanza ni vijidudu vya kinyesi, hasa siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, mfereji unapokuwa umesombwa. La pili ni ule utando wa kijani unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika juu ya maji. Huo si majani. Ni bakteria wanaostawi kwenye mbolea na uchafu maji yakitulia na jua likiwa kali, na baadhi yao hutoa sumu: ngozi inawasha, macho yanakuwa mekundu, mtoto akimeza anatapika. Ukiuona popote, hata Entebbe, usiingie, na usimruhusu mtoto kuchezea ule uliokusanyika ukingoni, kwa sababu ndipo unapokuwa mzito zaidi.

Kwa hiyo ukaribu wa Zana na Munyonyo kwenye ramani ndio unaomdanganya mgeni. Munyonyo nenda ukiwa na hela ya bwawa la hoteli. Ggaba nenda kula.

Kuna jina lingine atakutana nalo kwenye ramani, Lutembe, kati ya Kajjansi na Entebbe. Ghuba yake ni eneo oevu lililoorodheshwa chini ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa maeneo oevu, tangu 2006: mafunjo, tope na ndege wanaohamia kutoka Ulaya kwa makundi. Ukipenda ndege, kodi mtumbwi asubuhi. Ukipenda mchanga, ipite.

---

Mama Maabara:

Dada, niongezee kwenye swali lako la kichocho, kwa sababu watu wa pwani hukosea hapa kwa ujuzi wao wenyewe.

Kichocho mlichokizoea huko ni cha mkojo. Mtoto anakojoa damu, mama anajua la kufanya. Cha Ziwa Victoria ni cha tumbo, kinaitwa Schistosoma mansoni, na mkojo unabaki msafi kabisa. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Mayai mengine hutoka na kinyesi, mengine hunasa kwenye ini. Mtu anaweza kukaa miaka bila dalili yoyote ya maana, au akawa na kuhara kwa hapa na pale, tumbo na uchovu. Wachache hupata homa, kikohozi na vipele vya kuwasha kati ya wiki 2 na 8 baada ya kuogelea, na hospitali hutibiwa malaria kwanza. Ukipata homa ya namna hiyo, mwambie daktari uliogelea ziwani na lini.

Mzunguko wake ni huu: kinyesi chenye mayai kikifika majini, mayai huanguliwa, wadudu huingia kwenye konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono humwaga viluwiluwi visivyoonekana kwa macho. Hivyo hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Konokono huvimwaga kwa wingi jua likishapanda, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kwa hiyo kuogelea mapema kunapunguza hatari. Kunapunguza tu.

Utaambiwa kwamba penye mchanga na mawimbi hakuna konokono. Ni nusu ya ukweli. Wale wa kwenye majani na mafunjo kweli hawapendi mawimbi, lakini ziwa hili lina aina nyingine ya konokono wa jamii hiyohiyo anayeishi chini kwenye mchanga wenyewe, mbali kidogo na ukingo, na mkondo huweza kuleta viluwiluwi kutoka mwaloni. Chagua mahali pa wazi pasipo na majani, mbali na mwalo na mbali na choo, lakini usijihesabu salama. Kujisugua kwa taulo kavu mara tu unapotoka kunaweza kusaidia kidogo, si kinga ya kutegemewa. Mafuta ya kupaka nayo yasikupe ujasiri.

Na hili ndilo watu wengi wanalikosea: dawa. Praziquantel haizuii, inatibu. Tena inaua minyoo iliyokomaa, haiui michanga. Ukiimeza jioni ya siku uliyoogelea umepoteza hela. Subiri angalau wiki 6 hadi 8 tangu mara ya mwisho kuingia majini, ndipo mkapime. Kuna kipimo cha choo, na kuna kipimo cha haraka cha mkojo kinachotafuta alama za minyoo, si mayai, kwa hiyo usishangae ukiombwa mkojo kwa ugonjwa wa tumbo. Kipimo cha choo hukosa maambukizi madogo, ukipata majibu safi rudia siku nyingine. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mara moja, na kidonge huwa cha miligramu 600: mtoto wa kilo 15 kimoja, wa kilo 30 viwili. Wapimwe uzito zahanati, wasikadiriwe kwa umri. Wameze dawa wakiwa wameshiba, maana kwenye tumbo tupu dawa hii inaleta kichefuchefu kikali.

Wilaya za kando ya ziwa zimekuwa na ugawaji wa dawa hii mashuleni na vijijini tangu 2003. Muulize mwalimu kama shule ya watoto imo, ili wasipewe mara mbili ndani ya siku chache bila mtu kujua.

---

Binti wa Raskazone:

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Mawili yamebaki. Kama ni kuogelea mapema, maji yanakuwaje saa hizo? Wanangu wanaelea vizuri baharini. Na hivyo visiwa vya Ssese vinavyosifiwa, tunaweza kwenda asubuhi tukarudi jioni?

---

Nahodha wa Nakiwogo:

Kuelea kwanza. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, ndiyo maana bahari inakubeba. Ziwa halina. Mtoto aliyezoea kulala chali Tanga bila jitihada, hapa miguu itashuka na uso utakuwa karibu zaidi na maji, atashtuka na kuanza kupigapiga. Siku ya kwanza wafanye zoezi hilo maji yakiwa kiunoni kwa mtoto, wewe ukiwa upande wa kilindini. Maji yenyewe si maangavu: ukisimama kifuani huoni vidole vya miguu. Mtoto akizama mita mbili kutoka kwako humuoni, kwa hiyo kumtazama ukiwa kwenye kiti hakutoshi. Kaa umbali wa mkono. Bichi nyingi hazina mwokoaji anayekaa akitazama maji, hata kama kuna kijana mwenye filimbi getini. Uliza yuko wapi na kazi yake ni nini.

Habari njema ni kwamba hakuna kupwa na kujaa kwa kuhesabu, bamvua imebaki kwenu. Kinachotawala hapa ni upepo. Alfajiri na asubuhi upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, maji yanalala. Kuanzia saa tano au sita unageuka, unavuma kutoka ziwani, na mawimbi yanakua mchana kutwa. Watu huona asubuhi ndiyo salama kabisa kwa kuwa maji yametulia, lakini upepo ule wa asubuhi ndio unaosukuma boya la hewa au mpira nje, kimyakimya, na mtoto akiufuata. Vitu vya kuelea vya plastiki viacheni nyumbani, au vifungwe kamba. Mchana hatari inakuwa nyingine: wimbi linamwangusha mtoto, na gugumaji linaletwa ukingoni kwa mafungu makubwa. Usiogelee kati ya gugumaji. Lina konokono, nyoka hujificha humo, na miguu inanasa.

Mawingu meusi yakisimama upande wa ziwa, tokeni majini mara moja. Msisubiri tone la kwanza. Ukanda huu una radi nyingi mno, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Na jua lisiwadanganye kwa ubaridi wa upepo: Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta na ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ngozi inaungua haraka kuliko Tanga.

Ssese kwa siku moja haiwezekani. Visiwa ni 84, lakini vivuko vya wageni huenda Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote. Kwa ratiba yake ya miaka mingi, meli ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kufika Lutoboka, bandari ya Bugala, baada ya mwendo wa masaa matatu na nusu hivi. Kurudi inaondoka Lutoboka saa mbili asubuhi ya kesho yake. Ina maana lazima mlale, na ukitaka siku nzima ya ufukweni, lazima mlale mara mbili. Kwa miaka mingi nauli ilikuwa shilingi 10,000 daraja la pili na 14,000 la kwanza. Ulizia kabla hamjafunga mizigo, kwa sababu nauli hubadilika na meli nayo hupelekwa matengenezo. Ijumaa na sikukuu viti huisha mapema, fikeni kabla ya saa sita. Kutoka Kitooro hadi Nakiwogo ni bodaboda ya muda mfupi. Ufukwe wa Lutoboka uko palepale meli inapotia nanga, na nyumba za wageni zimepangana kando yake, hamhitaji gari.

Meli isipokuwepo, njia nyingine ni kwenda Masaka, kama kilomita 130 kutoka Kampala, kisha Bukakata, mvuke kwa feri ya serikali isiyolipiwa hadi Luuku kisiwani, halafu gari hadi mji wa Kalangala. Inakula siku nzima, lakini ndiyo njia ya mabasi na haina wasiwasi wa tiketi.

Msipande mtumbwi wa injini kutoka mwaloni kwa sababu tu umeondoka saa inayowafaa. Ukilazimika: kila mtu awe amevaa jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka ukingoni, na la mtoto liwe la mtoto, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. La mtu mzima humchomoka mtoto majini. Mkiona watu ni wengi kuliko majaketi, shukeni. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu na Mutima, Mukono, ikaua watu zaidi ya 30. Ilikuwa imejaza kupita kiasi na wengi hawakuwa wamevaa majaketi. Namba ya dharura ni 999 au 112.

---

Mkenya wa Bunga:

Sawa, nimekubali, Ggaba nitabaki nayo mimi na samaki wangu. Ila kwa likizo ndefu mwambieni pia Bunyonyi, Kabale. Huko watu huogelea bila habari za kichocho, mamba wala kiboko hawapo. Ubaya ni umbali, zaidi ya kilomita 400, na baridi: ziwa liko karibu mita 2,000 juu. Na kingo zake hushuka ghafla, unapiga hatua mbili hupati chini.

---

Kondakta Mstaafu:

Hilo la kina lina uzito. Bunyonyi si ya mtoto wa miaka 6 bila jaketi.

Dada, tukirudi kwenye Jumapili yako. Ondokeni Zana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ikiwa tupu. Kitooro mtafika kabla ya saa mbili bila haraka. Ila piga simu Jumamosi uulize geti linafunguliwa saa ngapi na ada ni kiasi gani kwa mkubwa na kwa mtoto, maana siku za tamasha ada hupandishwa mara kadhaa na watoto hawana raha. Ukisikia kuna mwanamuziki siku hiyo, chagua nyingine. Hali kadhalika Idi, Jumatatu ya Pasaka na tarehe 26 Desemba: maji hayaonekani kwa vichwa.

Sehemu nyingi hukagua mifuko getini na kukataza chakula cha nje, lakini maji na uji wa mtoto ukieleza vizuri hupita. Agiza samaki mara tu mnapofika, kabla ya kuvua viatu. Ngege mzima, ambaye Kanda ya Ziwa kwenu wanamwita sato, huweza kuchukua saa nzima jikoni, na bei hutegemea ukubwa, kwa hiyo ataje bei ukiwa umemwona samaki mwenyewe. Mtakula saa nne hivi, jua la konokono likiwa limeanza, na hapo watoto wahamie kwenye mchanga au kwenye zile ndege.

Asiyetaka maji kabisa siku hiyo aende Bustani ya Mimea ya Entebbe, ilianzishwa 1898, inateremka hadi ziwani. Kuna ada, kuna kivuli, na mbega wako juu ya miti. Chakula kifunikwe.

Kupiga picha kuna mipaka: Ikulu ya Entebbe na eneo la uwanja wa ndege usielekeze simu huko, hata kama mtoto yuko mbele ya picha. Beba kitambulisho au nakala ya pasipoti, vizuizi vya polisi wikendi ni vya kawaida.

Kurudi, muwe Kitooro kabla ya saa kumi. Kuanzia saa kumi na moja Entebbe nzima inarudi Kampala, foleni inashika Kajjansi, na taksi zinajazia kituoni, hazisimami njiani. Panda kituoni palepale, usitembee mbele kuzingoja. Mwambie kondakta Zana kabla ya kulipa, na kaeni upande wa mlango, kwa sababu dereva anayewahi mjini hapendi kusimama hapo na atawapitisha hadi Namasuba mkichelewa kusema.